Talish: kijiji kilichokimbiwa mara tatu



Kuna mdau aliniuliza swali nikashindwa kulijibu kwa mistari miwili. Aliuliza hivi: wale Waarmenia zaidi ya laki moja waliokimbia Karabakh ndani ya wiki moja mwaka 2023, kwani ile ardhi ilikuwa ya nani? Nikaanza kumjibu kishabiki, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Kila jibu nililolishika, lingine lilikuja na ushahidi wake mkononi.

Mwisho nikaona niachane na ramani kubwa. Nimechukua kijiji kimoja kidogo cha wakulima, nimekifuata tangu zamani mpaka leo. Naamini ukikielewa hiki kimoja, mengine utajazia mwenyewe. Makala ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama muda wako kwenye mashine unakaribia kwisha, ongeza nusu saa au soma kwa awamu.

KIJIJI CHENYEWE

Kinaitwa Talish. Kipo kona ya kaskazini mashariki ya Nagorno-Karabakh, katika milima ya Kaukazi, kusini mwa Urusi na kaskazini mwa Iran. Nyuma yake kuna vilima. Mbele yake ardhi inashuka kuelekea tambarare za Azerbaijan. Kumbuka hilo la vilima, maana ndilo lililowaponza.

Kwanza tumalizane na jina la jimbo. "Kara" ni Kituruki, maana yake nyeusi. "Bagh" ni Kiajemi, maana yake bustani. Bustani nyeusi. (Na hilo neno letu "bustani" nalo lilitoka huko huko kwa Waajemi, likaja na majahazi.) "Nagorno" ni Kirusi, yaani ya milimani. Waarmenia wao wanaiita Artsakh. Ukisikia mtu anatumia jina gani, mara nyingi umeshajua yuko upande gani.

Talish kilikuwa kijiji cha Waarmenia kwa karne nyingi. Karibu yake kuna mabaki ya monasteri ya Horekavank, iliyojengwa upya karne ya 13. Kabla Warusi hawajafika huko, eneo hilo lilikuwa chini ya machifu wa Kiarmenia walioitwa "melik". Karabakh walikuwa na himaya ndogo tano za namna hiyo, na Talish ilikuwa ndani ya ile iliyoitwa Gulistan.

Maisha yenyewe ni ya shamba. Ngano, zabibu, komamanga, ng'ombe na kondoo. Na miforsadi, ile miti ya matunda laini yanayochafua vidole. Watu wa Karabakh wanayachachusha na kuyapika wapate pombe kali inayosifika huko kote. Chakula chao maarufu ni mkate bapa unaoitwa jingalov hats. Chukulia chapati, ijaze majani ya kila aina yaliyokatwa katwa, ifunge, iweke kwenye bati la moto.

Nimetaja mazao kwa makusudi. Ngano ukipanda leo, mwakani umevuna. Lakini mzabibu unasubiri kama miaka mitatu ndipo ukupe kitu cha maana, na mforsadi mzuri unaweza kuwa ulipandwa na babu yako. Mtu anayepanda mzabibu anasema bila kutamka kwamba miaka mitatu ijayo nitakuwepo hapa. Sasa tuone kama walikuwepo.

UGOMVI ULIANZAJE

Wabolsheviki walipochukua Kaukazi baada ya mapinduzi ya Urusi, wakakuta Waarmenia na Waazeri wameshapigana sana juu ya Karabakh. Julai 1921 kamati ya chama ikakaa. Tarehe 4 ikaamua Karabakh iende Armenia. Kesho yake, tarehe 5, ikageuza: ibaki Azerbaijan, lakini ipewe mamlaka makubwa ya ndani. Mwaka 1923 likaundwa jimbo lenye mamlaka ya ndani la Nagorno-Karabakh, ndani ya Azerbaijan, wakati wakazi wake wengi ni Waarmenia. Sensa ya Kisovieti ya mwaka 1989 ilihesabu watu kama 189,000 humo. Zaidi ya robo tatu walikuwa Waarmenia, na kama mmoja katika kila watano alikuwa Mwazeri.

Moscow ikiwa na nguvu, mpaka huo ulikuwa kama mstari wa penseli. Februari 1988 baraza la jimbo likapiga kura kuomba kuhamia Armenia. Siku chache baadaye Waarmenia wakashambuliwa na kuuawa katika mji wa Sumgait, Azerbaijan. Toka hapo ikawa watu wanahama pande zote mbili. Waarmenia wakatoka Azerbaijan, Waazeri wakatoka Armenia. Malaki ya watu waliondoka kabla hata vita kamili haijaanza.

Mwishoni mwa 1991 Muungano wa Kisovieti ukavunjika. Azerbaijan ikafuta mamlaka ya ndani ya jimbo. Waarmenia wa Karabakh wakapiga kura ya maoni kutaka uhuru, Waazeri wa Karabakh wakaisusia. Baada ya hapo ni bunduki.

MARA YA KWANZA: 1992

Juni 1992 jeshi la Azerbaijan lilianzisha mashambulizi makubwa upande wa kaskazini. Talish ikachukuliwa. Watu wakakimbia na walichoweza kubeba. Mwaka 1994 Waarmenia wakakirudisha kijiji, lakini waliorudi walikuta magofu. Wakaanza upya, jiwe kwa jiwe.

Mei 1994 mapigano yakasitishwa. Makadirio ya kawaida ni kwamba watu kama 30,000 walikufa, na kama milioni moja walipoteza makazi ukijumlisha pande zote. Waarmenia ndio waliokuwa wameshinda. Walishika Karabakh karibu yote, pamoja na wilaya saba za Azerbaijan zinazoizunguka.

Hapo lazima nisimame, maana wanaosimulia habari za upande mmoja huwa wanaruka hapa. Hizo wilaya saba zilikuwa na watu. Waazeri zaidi ya nusu milioni waling'olewa kutoka Karabakh na maeneo hayo. Februari 1992 raia wengi wa Kiazeri waliuawa walipokuwa wanakimbia mji wa Khojaly. Miezi miwili baadaye raia wa Kiarmenia wakauawa katika kijiji cha Maraga. Mji wa Agdam, uliokuwa na makumi ya maelfu ya Waazeri, ulibomolewa na kuibiwa hadi matofali, ukabaki msikiti na kuta. Kwa karibu miaka 27 watu wa Agdam waliishi kwenye mabweni na vibanda, wengine na funguo za nyumba ambazo hazikuwepo tena. Mwaka 1993 peke yake Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha maazimio manne juu ya maeneo hayo.

Kwa hiyo mkulima wa Talish alirudi kwake mwaka 1994 kwa sababu jeshi la upande wake lilishinda. Na mkulima wa Kiazeri wa upande wa pili hakurudi kwa sababu hiyo hiyo. Hilo ni fundo la kwanza.

KULIMA MBELE YA HANDAKI

Mwaka 1994 walisimamisha risasi tu. Hapakuwa na mkataba wa amani. Mstari wa mbele ukabaki pale pale majeshi yaliposimama, na kwa Talish uliganda karibu kabisa na kijiji. Askari kwenye mahandaki, wadunguaji, mabomu ya kutegwa ardhini. Shamba lililo upande wa adui hulilimi. Lililo karibu na mstari unalilima kwa kubahatisha. Shirika la HALO Trust lilifanya kazi ya kutegua mabomu Karabakh kuanzia mwaka 2000, na wakulima walikuwa miongoni mwa waliolihitaji zaidi.

Maji nayo. Bwawa la Sarsang, lililojengwa mwaka 1976 kwenye mto Tartar, lina ujazo wa mita za ujazo zaidi ya milioni 500. Lilijengwa ili kumwagilia mashamba ya tambarare za Azerbaijan huko chini. Baada ya vita bwawa likawa mikononi mwa Waarmenia, mashamba yakabaki kwa Waazeri, na mitaro ikakauka au kufurika bila mpango. Mwaka 2016 Bunge la Baraza la Ulaya lilipitisha azimio kuhusu wakulima hao wa Azerbaijan walionyimwa maji. Mwarmenia juu ana maji lakini shamba lake limetegwa. Mwazeri chini ana shamba lakini hana maji. Ungewaweka hao wawili chini ya mti mmoja, jamani, wangemaliza ugomvi wa maji jioni moja. Lakini si wao walioitwa mezani. Mazungumzo yalisimamiwa na Kundi la Minsk, likiongozwa na Urusi, Ufaransa na Marekani, na yalikwenda hivyo miaka zaidi ya ishirini bila kuzaa mkataba.

MARA YA PILI: 2016

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Aprili 2016 mapigano yalilipuka, yakadumu siku nne. Talish ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizopigwa vibaya zaidi. Azerbaijan ilichukua baadhi ya vilima vilivyo karibu na kijiji (si nilikwambia ukumbuke vilima?). Wazee watatu wa kijiji waliuawa nyumbani kwao. Waliobaki wote wakahamishwa. Kijiji kilikuwa na watu mia tano na ushee. Shule, nyumba na mazizi vikabaki vitupu.

Serikali ya Karabakh ikaanza kujenga nyumba mpya. Baadhi ya familia zikawa zinakwenda mchana kuangalia mashamba na miti, jioni zinarudi walikohamia. Fikiria hali hiyo: shamba ni lako, lakini kulala pale huthubutu. Kidogo kidogo wachache wakaanza kurudi.

MARA YA TATU: 2020

Tarehe 27 Septemba 2020 Azerbaijan ilianza vita kamili. Safari hii ilikuwa na pesa za mafuta, droni za Uturuki na silaha za Israel. Talish ilianguka katika siku za mwanzo kabisa. Vita vilidumu siku 44, askari zaidi ya 6,000 wa pande zote mbili wakafa, na makubaliano ya usiku wa kuamkia 10 Novemba yakairudishia Azerbaijan wilaya zote saba na sehemu ya Karabakh yenyewe. Urusi ikaleta walinda amani 1,960. Kipande cha Karabakh kilichobaki na Waarmenia kikaunganishwa na Armenia kwa barabara moja tu, ya Lachin.

Desemba 2022 barabara hiyo ikafungwa. Kwanza na watu waliojiita waandamanaji wa mazingira, halafu Aprili 2023 kikawekwa kizuizi rasmi cha Azerbaijan. Kuanzia kati ya Juni hata misaada ikazuiwa. Mafuta yakaisha, trekta zikasimama, kupeleka mazao mjini ikawa kazi. Tarehe 19 Septemba 2023 Azerbaijan ikashambulia, na kesho yake uongozi wa Karabakh ukasalimu amri. Ndani ya kama wiki moja watu zaidi ya 100,000 wakaondoka. Katikati ya mkimbio huo ghala la mafuta karibu na Stepanakert lililipuka, wakafa watu zaidi ya 200, wengi wakiwa kwenye foleni ya petroli ya kuondokea. Waliotoka Talish mwaka 2016 na 2020 wakahifadhiwa sehemu nyingine za Karabakh nao wakajikuta barabarani tena.

Talish yenyewe? Mwaka huo huo wa 2023, Mei, Azerbaijan ilianza kuhamishia familia zake pale, kwenye nyumba mpya, chini ya mpango wanaouita Kurudi Kukubwa.

JE, NI VITA VYA DINI?

Najua baadhi yenu mmeshaanza kuhesabu: Waarmenia Wakristo, Waazeri Waislamu, basi kila mtu achague timu yake. Hapana. Iran, nchi ya Kiislamu ya madhehebu ya Shia kama Waazeri wengi, imekuwa na uhusiano mzuri wa kibiashara na Armenia miaka yote. Israel imekuwa muuzaji mkubwa wa silaha kwa Azerbaijan. Urusi, Wakristo wa Orthodoksi, iliwauzia silaha pande zote mbili. Makanisa na misikiti viliharibiwa, ni kweli, na inauma. Ila ukiusoma ugomvi huu kwa miwani ya dini, utaelewa vibaya kila hatua.

SASA SHERIA INASEMAJE?

Hapa Mwafrika ana la kuchangia.

Mwaka 1964, Cairo, viongozi wa Afrika huru walipitisha azimio kwamba mipaka tuliyoachiwa na wakoloni tuiheshimu ilivyo. Aliyelipeleka azimio hilo alikuwa Mwalimu Nyerere. Si kwamba mipaka ilikuwa ya haki. Iligawa kabila moja nchi mbili, tunajua. Hoja ilikuwa kwamba tukianza kuisahihisha mmoja mmoja, damu haitakauka. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyofuatwa Muungano wa Kisovieti ulipovunjika. Desemba 1991, Alma-Ata, zile jamhuri zilikubali kuheshimiana mipaka. Armenia ilisaini. Azerbaijan ilisaini. Mpaka wa penseli ukawa mpaka wa kimataifa, na Karabakh ikabaki upande wa Azerbaijan. Hakuna nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa iliyowahi kuitambua Karabakh kama nchi. Hata Armenia yenyewe haikuitambua rasmi.

Lakini Mwalimu huyo huyo, Aprili 1968, aliifanya Tanzania iitambue Biafra, iliyokuwa inajitenga na Nigeria. Kwa maneno yangu mimi, hoja yake ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya watu, na watu waliouawa wakakosa ulinzi huwezi kuwalazimisha waamini wako salama ndani ya dola hiyo. Watu walimlaumu sana. Walisema anajipinga. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaosema hivyo, mpaka nilipoanza kuisoma Talish.

Sisemi Karabakh ni Biafra. Historia zao ni tofauti. Ninachosema ni kwamba yapo maswali mawili, na yule mdau wangu aliyachanganya kama nilivyokuwa nayachanganya mimi. Swali la kwanza: mpaka unapita wapi? Hilo lilikuwa na jibu tangu 1991. Swali la pili: mtu aliyezaliwa ndani ya mpaka huo, ambaye si wa kabila la wenye dola, nani anamhakikishia kwamba mwakani atavuna? Hilo halikujibiwa. Halikujibiwa Waarmenia walipokuwa na nguvu: Mwazeri wa Agdam hakurudishwa. Halikujibiwa nguvu zilipohamia Azerbaijan: Mwarmenia wa Talish naye hakubaki. Kila upande uliamini muda uko upande wake. Kwa hiyo kila upande ulisubiri, na anayesubiri bila mkataba anasubiri vita tu.

Azerbaijan inasema Waarmenia waliondoka kwa hiari yao, na kwamba walikuwa na nafasi ya kubaki kama raia. Labda nikuulize wewe: umefungiwa barabara miezi tisa, umepigwa mizinga siku moja, halafu unaambiwa chagua. Hiyo hiari inaitwaje? Novemba 2023 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Azerbaijan ihakikishe kwamba wanaotaka kurudi wanaweza kurudi salama na bila kuzuiwa. Amri ipo kwenye karatasi.

Tuwe wakweli pia: tarehe 8 Agosti 2025, Washington, mawaziri wa nje wa nchi hizo mbili waliweka saini za awali kwenye rasimu ya mkataba wa amani, na Kundi la Minsk likaamuliwa livunjwe. Ni jambo jema. Nani anataka mtoto mwingine wa miaka kumi na tisa afie kwenye handaki? Lakini mkataba wa nchi mbili unajibu swali la kwanza vizuri zaidi kuliko la pili.

KWA HIYO, MDAU WANGU

Uliuliza ardhi ilikuwa ya nani. Kisheria, ya Azerbaijan. Mti wa mforsadi ulikuwa wa aliyeupanda. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na asiyekubali kuyashika yote mawili ataendelea kuona wakimbizi wa upande mmoja tu.

Leo Talish kuna familia zinalima tena. Sina kinyongo nazo. Nao ni wakulima, na wengine katika mpango huo wamekulia ukimbizini. Nawaombea wavune. Ila kuna wazee huko Armenia, kwenye vyumba vya kupanga, wanaojua kila tawi la miti ile, na hawajui nani anakula matunda yake mwaka huu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Swali langu kwenu: kati ya Nyerere wa 1964 na Nyerere wa 1968, nani alikuwa sahihi? Au wote wawili? Changieni hoja hapo chini. Matusi ya kabila au dini nitayafuta bila kuuliza, kila mtu ajue mapema.